Alama ya Chaki kwenye Dramu ya Nyuma

Mlinipa saa ya ukutani. Miaka yote nimefika kazini mlinzi hajafungua geti, halafu siku naachana na kazi ndiyo mnanipa saa. Haya, nimeitundika sebuleni, inakimbia mbele dakika saba. Asanteni. Keki nayo ilikuwa nzuri, ingawa aliyeandika "Mama Chaki" juu yake alisahau kwamba nina jina. Naitwa Mwajuma.

Mlipokuwa mnapiga makofi, bosi alisema niandike niliyojifunza pale karakana, mbaki nayo ninyi vijana. Nikaitikia. Kichwani sikuwa na mafunzo yoyote. Nilikuwa na dramu moja ya breki, ya nyuma kushoto, ya lori letu lililokuwa likileta ndizi kutoka Matombo. Niliuona ufa wake kwa macho yangu, nikaweka alama, kisha nikaifuta alama ile kwa mkono wangu mwenyewe. Watu watatu wakafa. Aliyefungwa ni mdogo wangu Shabani, dereva wa lori hilo. Sikumwambia mtu. Basi nawaandikia hayo, maana mengine yote niliyoyafanya kazini mnaweza kuyasoma kwenye madaftari ya ukaguzi, kama panya wameyabakiza.

Nianze na siku ya kwanza, la sivyo hamtaelewa habari ya chaki.

Nilifika Kihonda na cheti cha ufundi mitambo na viatu vya kuazima. Mlinzi akaniuliza kama nimekuja kupika chai. Nikamwambia nimekuja kufungua magurudumu. Akacheka mpaka akapaliwa, nami nikasimama pale pale nikamsubiri amalize. Ndani kulikuwa na mabanda mawili, malori sita ya kampuni, na Mzee Kibwana, mkaguzi wa vyuma. Alikuwa Mluguru wa juu huko, kijiji chao kiko ukishapita Mkuyuni, mtu mfupi, mkali, mla ugoro, jicho moja lina ukungu. Cheti changu hakukigusa. Alinipa kipande cha waya, urefu wa kalamu.

"Pinda."

Nikapinda.

"Nyoosha. Pinda tena. Usiache mpaka nikuambie."

Nikapinda na kunyoosha, vidole vinauma, mafundi wamesimama wananitazama kama sinema. Waya ukakatika. Akaniamuru nigusishe pale palipokatika kwenye mdomo wa chini. Loh! Ukaniunguza.

"Umekatika kwa mara ipi?"

"Ya mwisho, mzee."

"Hujui kitu wewe binti. Ya mwisho imekuta kazi imeshaisha. Zote zimeukata, tangu ile ya kwanza uliyodhani haijafanya kitu."

Siku hiyo hakunifundisha kingine. Nilishika ufagio, nikafagia banda.

Ilinichukua mwaka mzima kumwelewa. Watu wanadhani chuma kinavunjika kwa sababu kimebebeshwa kizito. Kizito mara moja chuma kinakivumilia. Kinachokimaliza ni mzigo wa kawaida unaorudi, unarudi, unarudi. Springi ya lori inajikunja kila shimo na kujinyoosha kila baada ya shimo, na kutoka Bigwa kwenda juu mashimo mnayajua. Mahali fulani penye mkwaruzo, au kutu, au tundu la boliti, panaanza kijiufa kisichoonekana. Kila shimo kinasogea unywele mmoja. Kwa nje springi ni nzima kabisa, hata rangi haijabanduka.

Springi ilipovunjika, Mzee Kibwana alikuwa haruhusu mtu aitupe. Aliketi nayo kwenye gogo akaisoma. Alinionyesha sehemu mbili za mvunjiko. Ya kwanza laini, nyeusi, ina kutu na mistari myembamba inayofuatana kama ile inayoachwa na maji kwenye mchanga wa mto. Ya pili inakwaruza na inang'aa, imevunjika leo.

"Hii nyeusi ni miezi," alisema. "Hii inayong'aa ni sekunde moja. Na dereva atalaumiwa kwa hiyo sekunde moja."

Niliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu. Nilikuwa nayaona ni maneno mazuri tu.

Sasa chaki. Ninyi mna yale makopo ya dawa nyekundu ya kupulizia, yamefungiwa kabatini, na ufunguo anao mtu aliyehamia Dodoma. Sisi tulikuwa na mafuta ya taa. Unasafisha chuma mpaka king'ae, unakipaka mafuta ya taa, unaacha yanywee. Halafu unafuta, unakausha kabisa, unapaka vumbi la chaki nyeupe. Unasubiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka polepole yanalowesha chaki, na unaona mstari unajichora wenyewe mbele yako. Mara ya kwanza nilipouona nilisema "Mtume!" kwa sauti, Mzee Kibwana akacheka mara moja tu mwaka ule.

Ukishaona ufa, unachora alama ya mkasi, kubwa, kwenye kile kifaa. Gari halitoki. Na sheria ya mzee ilikuwa moja: aliyechora ndiye anayefuta, na hafuti mpaka kifaa kipya kimefungwa. Bosi hafuti. Dereva hafuti. Hata mzee mwenyewe hakuwahi kufuta alama niliyochora mimi, ingawa nilikuwa mwanagenzi na mara mbili nilikosea.

Dramu za breki zina ugonjwa wake. Dramu si chuma cha springi, ni chuma cha kumimina, hakijui kujikunja. Kinachokiua zaidi ni moto na baridi. Lori limeshiba ndizi linashuka kutoka Matombo, dereva mguu haubanduki kwenye breki, dramu zinawaka mpaka unasikia harufu. Chuma kimevimba kwa joto. Lori linapofika kwenye mto, dereva anasimama, anateka maji, anamwagia magurudumu. Mvuke unapanda, abiria wanashangilia, naye anajiona amelinywesha gari lake maji. Ngozi ya ndani ya dramu inasinyaa ghafla huku mwili wake bado umevimba. Inapasuka vinyufa vidogo vidogo, kama tope lililokauka. Safari ya kesho vinakwenda mbele kidogo. Mzee Kibwana aligombana na madereva wote kwa ajili ya maji hayo, wakamwitikia "ndiyo mzee, shikamoo mzee," wakafika mtoni wakamwaga.

Shabani naye alimwaga. Nilimkemea mara ngapi! "Dada," aliniambia, "ukikaa kwenye usukani ukasikia ile harufu, utamwaga hata uji." Ndivyo alivyokuwa, maneno hayamwishi. Mimi ndiye niliyemwombea ile kazi.

Mzee Kibwana akastaafu, nikakaa kwenye gogo lake. Alikuwa akiishi Bigwa na mkewe, anakuja karakana mara moja moja kunitafutia makosa.

Siku moja jioni nilifungua gurudumu la nyuma kushoto la lori la Shabani. Vinyufa vidogo nilivitarajia. Nikapaka mafuta ya taa, nikapaka chaki, nikaona mstari mmoja unajitenga na wenzake unatembea mpaka ukingoni mwa dramu. Urefu wa kidole changu cha mwisho. Nikachora alama yangu kwa nje, kubwa, mpaka chaki ikavunjika. Dramu mpya tukaiagiza Dar. Tuliirudisha ile mbovu mahali pake ili gari lisikae juu ya mawe, nikaenda nyumbani nimeridhika na kazi yangu.

Kesho yake asubuhi ikaja habari kwamba Mzee Kibwana amefariki. Wanawe walitaka azikwe kwao, juu, siku ile ile baada ya alasiri. Wakaja karakana kuomba gari. Malori mengine yote yalikuwa safarini. Bosi wa wakati ule akanigeukia mimi, mbele ya wanawe na mbele ya mafundi wote.

"Mwajuma, hili la Shabani linaweza kwenda?"

Msidhani sikuwa na njia. Magari ya kukodi yalikuwepo, ningesema neno moja wangepata. Lakini mimi niliona aibu. Mtu ameitumikia karakana hii maisha yake yote, halafu siku ya kuzikwa aambiwe hatuna gari? Nikajisemea ni safari moja tu. Nikajisemea ufa umekaa humo wiki kadhaa na gari lilikuwa linakwenda. Kila mtu anayejua chuma anajua kwamba hayo ni maneno ya mjinga, na mimi nilikuwa najua chuma kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai pale.

"Linaweza," nikasema.

Nilizunguka nyuma ya gari peke yangu. Nilikuwa nimeshajifunga kanga ya msiba juu ya nguo za kazi. Nikafuta alama kwa pindo la kanga. Haikutoka yote, ikabidi niteme mate.

Shabani sikumwambia. Nikimwambia angekataa kuendesha, na mimi nilikuwa nimeshasema mbele za watu kwamba linaweza.

Tulipanda salama. Kupanda hakuhitaji breki. Maiti mbele, sisi nyuma, wanawake tunalia, wanaume wanasoma. Yohana alikuwepo, mchomeleaji wetu, Mkristo wa Songea, mtoto pekee wa mama yake. Alikuja kwa sababu Mzee Kibwana ndiye aliyemfundisha kushika mashine. Mzee akazikwa kwa heshima, na mvua haikunyesha. Mimi nikabaki na mjane, maana mtu hamwachi mjane siku ya kwanza.

Shabani alikuja kuniaga mlangoni. "Dada, tunashuka kabla jua halijazama." Akaitazama kanga yangu, akatabasamu kidogo. Nikadhani anatabasamu kunipa pole.

"Shuka polepole," nikamwambia. Ni hilo tu nililosema. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila kitu, na mdomo wangu ukatoa maneno mawili.

Tulikuwa tunatandika mikeka ya kuswalia magharibi pikipiki ilipofika. Shabani alikuwa ameshasimama mtoni na kumwaga maji, kama siku zote. Kwenye mteremko unaofuata dramu ikapasuka, mafuta ya breki yakamwagika yote, pedali ikazama mpaka sakafuni. Alijaribu kuliegemeza lori kwenye ukingo wa mlima, likapinduka kwenye shamba la migomba. Alikufa jirani wa Mzee Kibwana, mama mtu mzima. Alikufa mwanamume mmoja aliyeomba lifti njiani. Na alikufa Yohana.

Vipande vya dramu vililetwa karakana kwenye kiroba. Nilivisoma. Karibu mvunjiko wote ulikuwa mweusi, kulikuwa na kipande kidogo tu kinachong'aa. Na ndani ya weusi ule, wanangu, kulikuwa na mstari mweupe. Chaki yangu ilikuwa imeingia na mafuta ikaganda humo. Nikaiosha kwa petroli kabla mkaguzi wa trafiki hajafika. Sikuhitaji kuhangaika, dramu hakuitazama. Alitazama matairi, akapima barabara, akaandika kwamba dereva alishusha gari kwa mwendo kasi.

Mahakamani niliitwa. Nikaapa, nikaulizwa hali ya breki siku ile.

"Nilikagua mwenyewe. Ilikuwa nzima."

Shabani alikuwa kizimbani. Aliniitikia kwa kichwa taratibu, kama anayenishukuru kwa kusema kweli. Akapata miaka miwili. Alipotoka hakugusa usukani tena. Yuko Bigwa, anatengeneza baiskeli, na yale maneno yake yote yameisha. Kila mwaka tarehe ile inapofika anavaa kanzu anakwenda kumwomba radhi mama yake Yohana.

Mama yake Yohana mnamjua. Ni huyo anayewauzia chai na vitumbua getini. Hamkujua, eeh? Alikuja kutoka Songea kumzika mwanawe akabaki. Uongozi ulimruhusu aweke meza yake pale. Nimekunywa chai ya mikono yake kila asubuhi ya kazi tangu hapo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa." Kila asubuhi.

Nilianza kukagua kila kitu. Nilichora alama kwenye springi, kwenye ekseli, kwenye ndoano ya winchi, mara moja hata kwenye toroli. Mkanibandika jina la Mama Chaki, mkadhani ni bidii. Haikuwa bidii. Nilikuwa naogopa mikono yangu.

Na ilisaidia nini? Madereva wanamwaga maji mpaka leo. Dramu zilizopasuka mnazichomelea, ingawa nimewaambia mpaka sauti imekauka kwamba chuma cha kumimina kinachomelewa leo kinapasuka kesho pembeni ya kiungo. Siku yangu ya mwisho nilikuta alama niliyochora kwenye springi imefutwa kwa tambara. Nikauliza nani. Mmoja wenu, simtaji, akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Mama, gari lilikuwa na safari."

Ningesema nini, mimi? Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia, halafu nikanawa uso nikaja kukata keki yenu.

Baada ya hapo nilijikaza nikaenda Bigwa. Shabani alikuwa amegeuza baiskeli juu chini, ananyoosha ringi. "Shikamoo dada." Akanivutia kigoda. Nikamwambia yote, tangu ule ufa mpaka petroli, nikiitazama ringi inavyozunguka. Akaisimamisha kwa kiganja.

"Niliiona ile alama asubuhi," alisema. "Nikataka kukataa safari. Niliporudi kuchukua gari haipo. Halafu kule juu nikaona chaki kwenye pindo la kanga yako. Nikafurahi. Aliyechora ndiye aliyefuta, dada yangu huyo, basi amefunga dramu mpya. Ndiyo maana nilishuka bila wasiwasi."

Sikuweza kuinua macho.

"Uliposema mahakamani ilikuwa nzima, nikajua basi ni yale maji yangu. Nimeoga na hayo maji miaka yote, dada. Kwa hiyo hayakuwa maji?"

Nilitamani kumjibu hapana. Mungu ananiona, nilitamani. Lakini ule waya niliupinda mimi mwenyewe.

"Yalikuwa maji pia," nikasema. "Na mashimo, na ndizi. Na mimi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua."

Akachukua spana, akairudisha chini, hakuwa na kazi nayo.

"Kwa Mama Yohana nimekwenda mwaka hata mwaka. Ananishika kichwa ananiambia amenisamehe, na mimi narudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyokwenda. Sasa nenda wewe. Na hapa usije tena mpaka uwe umekwenda."

Jumatatu iliyofuata niliamka mapema, nikavaa, nikaja mpaka getini. Baadhi yenu mliniona, mkanitania kwamba nimesahau nimestaafu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima kutoka nyumbani, yalikuwa machache tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Umestaafu wewe, miguu haijaambiwa?" Akacheka, akafuta benchi kwa kitambaa. "Kaa. Vitumbua viwili nimekuwekea kila siku, nikasema huyu atakuja tu. Hana mtu mwingine wa kunywa naye chai, na mimi sina."

Akanimiminia. Nikanywa. Tukaongea habari za mvua na bei ya unga wa mchele. Nikamwambia asante mama, nikarudi nyumbani.

Bigwa sijakwenda tena.